Kulewa chombo ziwani: Kinga, tiba, na pale ambapo si chombo tena

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeyatiisha maji ili waja wake wasafiri juu yake na kutafuta riziki. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Leo tunazungumzia maradhi ambayo karibu kila nyumba ya Kigoma na Ujiji inayajua, lakini wengi huyachukulia kama mzaha: kulewa chombo. Mtu anapanda boti akiwa mzima, mara ziwa linachafuka, anaanza kutoka jasho jembamba, mate yanamjaa kinywani, kisha anatapika mpaka anashushwa kwa kushikwa mkono. Wenzake hucheka na kusema atazoea. Ni kweli wengi huzoea, na kulewa chombo peke yake kwa kawaida hakuui mtu. Lakini yapo mambo mawili yanayoua: kuacha maji ya mwili yaishe, hasa kwa mtoto, na kudhani kuwa kila anayetapika chomboni amelewa chombo, kumbe ana kipindupindu au malaria.

Sisi watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuna namna ya kuvikwepa vyombo. Ziwa letu lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na vijiji vingi vya pembezoni mwake barabara zake ni za shida. Msiba, harusi, mgonjwa wa rufaa, gunia la dagaa na dumu la mawese, vyote hupita majini. Kwa miaka mingi tuliitegemea meli ya MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Meli hiyo ilipita Lagosa, Karema, Kipili na Kasanga hadi Mpulungu, Zambia. Meli inapokuwa kwenye matengenezo, msafiri hubakiwa na boti za mbao, kama zile zinazoondoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini. Na chombo kikiwa kidogo, wimbi hukitikisa zaidi.

Jambo ambalo Mtume (s.a.w.) hakulidharau

Kabla hatujaingia katika tiba, ni vizuri tujue kwamba maradhi haya yametajwa katika hadithi. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Bibi Umm Haram (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba anayelewa baharini mpaka akatapika ana ujira wa shahidi mmoja, na anayezama ana ujira wa mashahidi wawili. Baadhi ya wanachuoni walioifafanua hadithi hii wamesema inamhusu yule ambaye safari yake ni ya twaa, kama vile hija, jihadi au kutafuta elimu, na hata mfanyabiashara anayetafuta chakula cha watu wake na hana njia nyingine isipokuwa majini.

Bibi Umm Haram mwenyewe alisafiri baharini pamoja na jeshi la Waislamu lililokwenda Cyprus, katika zama za Khalifa Uthman (r.a.), na huko ndiko alikofia baada ya kuanguka kutoka katika mnyama aliyempanda. Basi dada yangu unayeona haya kwa kutapika mbele ya watu, ujue kuwa si jambo la aibu. Na wewe kijana unayecheka, mpe mwenzako maji badala ya kumcheka.

Nini husababisha?

Ndani kabisa ya sikio, Allah (s.w.) ameweka mirija midogo yenye majimaji. Kazi yake ni kuuambia ubongo kama mwili umesimama, umelala, unageuka au unapanda na kushuka. Macho nayo hupeleka habari zake, na misuli na viungo hupeleka zake. Nchi kavu habari hizi zote huafikiana. Chomboni hazikubaliani. Ukiwa umekaa chini ndani ya boti, macho yanaona ubao na mizigo iliyotulia, lakini sikio linasema unapanda na kushuka. Ubongo huchanganyikiwa, na matokeo yake ni kizunguzungu, kupiga miayo, jasho la baridi, kichefuchefu na kutapika. Ni ulevi usio na kileo wala dhambi.

Kwa hiyo si kweli kwamba anayelewa chombo ana tumbo bovu, au ana nyongo nyingi, au amefanyiwa uchawi na mtu wa kijiji alichotoka. Chanzo kimo katika sikio na ubongo.

Wanaosumbuliwa zaidi ni watoto wa kati ya miaka 2 na 12, wanawake kuliko wanaume, wajawazito, na wenye maradhi ya kipandauso. Hapa naomba akina mama wasikilize kwa makini: mtoto wa chini ya miaka miwili ni nadra sana kulewa chombo. Ukiona mtoto mchanga anatapika tena na tena ndani ya boti, usiseme ni mawimbi. Tafuta sababu nyingine, na ukishuka mpeleke kituo cha afya.

Kinga kabla ya kupanda

Kwanza, chagua wakati. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu na kulichafua ziwa. Waulize manahodha na wavuvi, wao ndio wanaojua saa za utulivu. Safari isiyo ya lazima iahirishe. Nahodha akikataa kuondoka kwa sababu ya upepo, msimtie maneno ya woga.

Pili, tazama chakula. Usipande ukiwa na njaa kabisa, na usipande ukiwa umeshiba. Wali uliojaa mawese, migebuka ya kukaanga na sambusa za stendi si chakula cha kuanzia safari. Kula kidogo, kikavu na kisicho na mafuta, saa mbili hivi kabla: kipande cha mkate, muhogo wa kuchemsha, ndizi mbivu au uji mwepesi. Chukua maji safi ya kunywa kutoka nyumbani.

Tatu, lala vya kutosha usiku wa kuamkia safari. Uchovu huongeza kulewa.

Nne, andaa kifurushi cha safari. Kiwe na lita moja au mbili za maji yaliyochemshwa, pakiti mbili za chumvi maalumu ya kuongeza maji mwilini, yaani ORS, kijiko, kipande cha sabuni, kitambaa, kanga ya kubadilisha, na kopo lenye mfuniko la kutapikia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kopo tupu la rangi lililooshwa vizuri linafaa, na linaweza kutumika safari nyingi.

Ukiwa chomboni

Mahali unapokaa ni nusu ya tiba. Kaa katikati ya chombo, si mbele wala nyuma kabisa, kwa sababu katikati ndipo panapoyumba kidogo. Kaa mbali na injini, madumu ya mafuta na magunia ya dagaa. Moshi na harufu humlewesha hata ambaye angesalimika. Mara nyingi akina mama na watoto husukumwa chini, mahali penye joto na pasipo na hewa, ati ndipo penye stara. Nawaomba wenye vyombo wawapatie mahali pa katikati penye upepo. Dada anayevaa nikabu, akianza kusikia kichefuchefu, aifungue na aelekee upande wa ziwa apate hewa. Dharura ina hukumu yake, na kutapika ndani ya nikabu ni hatari kwa pumzi.

Elekeza uso kule chombo kinakokwenda na utazame mbali: mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, au vilima vya mwambao. Hivyo macho yataona mwendo uleule ambao sikio linausikia, na ubongo utatulia. Usitazame mawimbi yanayopita ubavuni, wala usitazame simu. Hata msahafu, ni bora usiusome kwa macho wakati ziwa limechafuka. Soma kwa moyo zile sura ulizozihifadhi. Anza na dua ya kupanda chombo, ambayo asili yake imo katika Surat Zukhruf, aya ya 13 na 14.

Ukishindwa kutazama mbali, kwa mfano usiku, basi lala chali, kichwa kitulie, na ufumbe macho. Vuta pumzi polepole. Kunywa maji kwa mafunda madogo.

Tangawizi nayo ina msaada kwa kichefuchefu. Imetajwa katika Qur'ani, Surat Insan, aya ya 17, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa peponi. Chemsha tangawizi iliyopondwa, unywe kikombe kimoja chepesi kabla ya safari, au tafuna kipande kidogo njiani. Wapo wanaofarijika kwa kunusa ndimu au ganda la chungwa, halina madhara. Ama wale wanaosema funda la pombe kali hutuliza tumbo, wanakosea mara mbili: ni haramu, na pia pombe hulivuruga lile sikio la ndani na kuukausha mwili.

Usitapike kwa kuinama ukingoni peke yako. Boti likipigwa na wimbi wakati umeinama na macho yamezunguka, unaangukia majini. Tumia kopo lako, au mtu akushike kiunoni. Vaa jaketi la kujiokolea tangu mwanzo, maana anayetapika hatakuwa na nguvu za kulitafuta baadaye. Na abiria wasikimbilie upande mmoja kwa pamoja, ama kwa ajili ya kutapika au kwa ajili ya kushuka. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, katika Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, na kuua zaidi ya watu 200, kilikuwa kimekaribia kabisa kutia nanga.

Dawa za hospitali

Dawa za kulewa chombo huzuia zaidi kuliko zinavyotibu. Zinywe kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika, kidonge hutoka pamoja na matapishi.

Dawa inayopatikana kwa wingi katika maduka yetu ya dawa ni sinarizini. Kwa kawaida mtu mzima hunywa kidonge kimoja cha miligramu 25 kati ya nusu saa na saa mbili kabla ya safari, na safari ikiwa ndefu hurudia baada ya saa 6 hadi 8. Nyingine ni promethazini, miligramu 25 kwa mtu mzima, usiku wa kuamkia safari au saa moja hadi mbili kabla. Zote huleta usingizi, hasa promethazini. Kwa sababu hiyo nahodha, utingo na yule atakayeendesha pikipiki baada ya kushuka wasizitumie. Mwenye presha ya macho au anayepata shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume asinywe promethazini bila kumuona tabibu.

Promethazini asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kuzuia pumzi yake. Mtoto mkubwa zaidi apimwe uzito na apewe kipimo na mhudumu wa afya. Msikate vidonge kwa kukisia. Mjamzito naye asinunue dawa yoyote dukani kabla ya kuuliza kliniki.

Wengi hununua Plasil wakidhani inazuia kila aina ya kutapika. Ndugu zangu, dawa hiyo haisaidii kulewa chombo. Kwa watoto na vijana inaweza hata kukaza misuli ya shingo na macho mpaka wazazi wakadhani mtoto amepagawa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee na tabibu wake kabla ya safari ndefu, kwani dawa ikiingia na chakula kikatoka, sukari hushuka. Na aliye katika dozi ya malaria akiitapika ndani ya nusu saa, arudie kipimo hicho, na akishuka apate kingine cha kumalizia dozi.

Kumhudumia aliyekwisha kutapika

Mpe nafasi alale, kichwa akigeuze upande ili matapishi yasimpalie. Akishatapika subiri dakika 10, kisha anza kumpa maji ya ORS kijiko kimoja kimoja. Akipewa kikombe kizima kwa pupa atatapika tena. Pakiti moja huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Kama huna pakiti, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kurundika. Chumvi ikizidi inadhuru. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Katika safari ya siku mbili au tatu mwili huanza kuzoea. Baada ya kushuka, mtu anaweza kuhisi ardhi inayumba kwa saa kadhaa. Hilo hupita.

Pale ambapo si chombo tena

Sasa tufike kwenye jambo kubwa zaidi. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walikimbilia kijiji cha Kagunga, mpakani, ufukweni mwa ziwa. Walipelekwa Kigoma kwa maji, na MV Liemba ilifanya kazi hiyo. Kipindupindu kililipuka. Hadi kufikia Mei 22, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wakiwemo Watanzania. Ndani ya chombo kilichojaa, nani angeweza kutofautisha kwa macho anayetapika kwa wimbi na anayetapika kwa kipindupindu? Mwambao wetu umepatwa na kipindupindu mara nyingi, kabla ya mwaka huo na baada yake.

Kwa hiyo jiulize maswali haya matano:

1. Alianza lini? Aliyelewa chombo huanza baada ya chombo kuondoka na kuyumba. Aliyeanza kutapika nyumbani au gatini hakulewa chombo.

2. Anaharisha? Kulewa chombo hakuharishi. Kuharisha maji mengi yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, mara nyingi bila homa wala maumivu makali, ni kipindupindu mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo. Mtu huyu anaweza kufa ndani ya saa chache. Aanze ORS hapohapo chomboni, na apelekwe kituo cha afya mara chombo kinapotia nanga.

3. Ana homa? Kulewa chombo hakuchemshi mwili. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi. Mwenye homa na kutapika apimwe malaria siku hiyohiyo.

4. Ameshuka na bado anatapika? Aliyelewa chombo hupata nafuu baada ya saa chache nchi kavu. Akilala na kuamka bado anatapika, si chombo tena.

5. Ni mwanamke aliyekosa hedhi? Huenda ni mimba, na hiyo nayo inahitaji kliniki.

Kwa mtoto, dalili za hatari ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, analegea au haamki vizuri, macho yamedidimia, hajakojoa kwa saa sita, au anapata degedege. Mtoto wa namna hii hasubiri babu atoke shamba, wala hasubiri nauli ya kesho.

Usafi wa chombo na ziwa

Kwa kuwa hatujui nani ana nini, matapishi yote yachukuliwe kuwa yanaweza kuambukiza. Yawekwe kwenye kopo lenye mfuniko na kumwagwa chooni mkifika. Yasimwagwe gatini au ufukweni ambako watu wanachota maji na kuosha vyombo. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuchafua maji na mahali watu wanapoyaendea maji. Aliyemhudumia mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au kumnyonyesha mtoto. Maji ya ziwa yanaonekana meupe na matamu, lakini msiyanywe kwa kuyachota pembeni ya boti. Chemsheni, au tumieni dawa ya kutibu maji.

Ibada ya aliyelewa chombo

Katika madhehebu ya Imam Shafii, matapishi ni najisi. Yakikupata, osha mwili na nguo kabla ya kuswali, na ndiyo sababu tumesema chukua kanga ya kubadilisha. Kutapika hakutengui udhu. Asiyeweza kusimama kwa kizunguzungu chomboni, au anayeogopa kuanguka majini, huswali kwa kukaa. Vitabu vya fiqhi vimelitaja hilo kwa mfano wa chombo hasa. Msafiri mwenye masharti ya safari ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Ama saumu, kutapika bila kukusudia hakuifunguzi, lakini anayejitia kidole kwa makusudi ameiharibu na atailipa. Aliyetapika mpaka akaishiwa nguvu na akahofia madhara, afungue, anywe, na alipe siku nyingine. Dini yetu ni ya wepesi.

Ndugu msomaji, kata ukurasa huu uuweke kwenye kifurushi chako cha safari, pamoja na pakiti za ORS. Aliyelewa chombo mpe hewa, maji na subira. Anayeharisha, mwenye homa, au mtoto aliyelegea, mpe ORS na umkimbize kwa tabibu. Tunamuomba Allah (s.w.) awafikishe salama wasafiri wetu wa majini, awape shifaa wagonjwa wetu, na awarehemu waliozama katika maziwa na bahari zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.